Sprei ya ganzi: mdomoni inashika, mkononi haishiki. Wajuzi, tatizo ni nini?

#1 KijanaWaIgombe
Wakuu salama?

Niende moja kwa moja. Shughuli zangu ni mwaloni Igombe, nachomoa samaki kwenye nyavu za makila na kupakua mzigo. Sangara na sato hawana neno, shida ni gogogo. Anayemjua anamjua: miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya ubavuni, na akishtuka anaisimamisha na kuikaza, huwezi kuilaza kwa mkono. Umchomoe gizani huku mtumbwi unayumba, siku ikifika unachomwa tu. Na maumivu yake sio ya mwiba wa mgunga. Yanapanda mpaka kwapani, mkono unavimba, usiku hulali.

Sasa kuna ndugu yangu yuko kwenye kliniki ya meno, akanipa sprei ya ganzi, ile chupa ya lidokaini asilimia 10 yenye mrija. Akaniambia hiyo wakikupulizia wanang'oa jino na husikii kitu. Juzi nimechomwa chini ya kidole gumba, nikapuliza hapohapo. Hola. Nikaongeza. Hola. Nikajifuta mdomo kwa mkono uleule, kidogo tu mdomo wa chini umekufa, nakunywa chai inamwagikia kidevuni! Kumbe dawa ni nzima, ila mkononi imegoma.

Na kuna siku kwenye ndondo pale Nyamagana nilipigwa kiatu cha ugoko, jamaa wa huduma ya kwanza akapuliza yake, nikainuka na kumaliza mechi. Inakuwaje ya mpirani inashika juu ya ngozi, ya daktari wa meno haishiki? Tatizo ni dawa, ni ngozi yangu au ni huyu gogogo?

#2 Chai_Rangi
Natandika mkeka hapa. Hiyo ya kidevuni nimecheka peke yangu kwenye daladala ya Igoma, watu wananiangalia.

#3 Mzee wa Kamanga
Kijana, dawa hiyo imekufa. Umekaa nayo kwenye mtumbwi, jua la ziwani linapiga kutoka juu na kutoka majini, itabaki nini humo? Dawa za hospitali zinataka friji. Sisi enzi zetu ukichomwa unasogeza mkono kwenye moto wa jikoni mpaka unahema, basi. Hakuna cha sprei.

#4 Mfamasia Mtaani
Mzee wa Kamanga, shikamoo. Hapo kwenye joto nakupinga kidogo. Lidokaini ni dawa ngumu, haivunjiki ovyo kama ganzi za zamani. Ni kweli itunzwe mahali pasipo joto kali kama lebo inavyosema, ila siku chache za jua haziigeuzi maji. Na ushahidi kautoa mwenyewe: mdomo umekufa ganzi. Dawa iliyokufa ingeufanyaje mdomo vile?

Kinachogomesha ni ngozi. Mdomoni, puani na kooni kuna utando laini wenye unyevu, dawa inapenya ndani ya dakika 1 hadi 3 na inadumu kama dakika 10 hadi 15. Ngozi ya nje juu yake kuna tabaka la seli zilizokufa, zimebanana na katikati yake kuna mafuta, na kazi yake ni hiyohiyo ya kuzuia vitu visiingie. Kiganja na unyayo ndiko tabaka hilo lilikozidi unene. Ukitaka kutia ganzi ngozi nzima kuna krimu yenye lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, inauzwa kwa jina la EMLA. Unapaka nene, unafunika kwa plastiki, unasubiri saa nzima. Na hata hiyo, kwenye kiganja cha mvuta nyavu mimi sitii sahihi.

#5 Chai_Rangi
Saa nzima umefunikwa plastiki kama keki ya harusi, na mkono unawaka moto? Mfamasia, hiyo ni ya watu wasio na kazi.

#6 Mfamasia Mtaani
Ni ya mtu anayejua atachomwa saa ngapi. Mtoto anayewekewa drip, mtu anayekwenda kuchorwa tatuu. Gogogo hatoi miadi.

#7 Lindanda74
Nijibu upande wangu. Nimebeba begi la huduma ya kwanza timu za mtaani Kirumba na Pasiansi miaka mingi. Ile sprei ya mpirani haina ganzi hata tone moja. Ni baridi. Ndiyo maana inapita hata juu ya soksi. Tatizo lako linaanzia hapo, unalinganisha dawa mbili ambazo hata si ndugu.

#8 Nshomile Og
Lindanda74 kasema kweli ila kaiacha njiani, niimalizie kisomi. Kwenye kopo za aina ile mara nyingi kuna ethili kloraidi. Inachemka kwenye nyuzi joto 12 tu. Mwanza hata alfajiri ya mwezi wa saba hewa ina joto kuliko hapo, kwa hiyo inabaki kimiminika kwa sababu imebanwa ndani ya chupa. Ikitua kwenye ngozi inachemka papo hapo, na ili ichemke inachukua joto la ngozi. Ngozi ikipoa sana, mishipa ya fahamu inapunguza kasi ya kupeleka taarifa ya maumivu. Haihitaji kupenya popote. Ila haidumu, ni kama dakika moja, ngozi ikirudi kwenye joto lake na maumivu yanarudi.

Nyingine zina mentholi. Hizo hata hazipozi sana, zinagusa kipokezi cha baridi kwenye mishipa na ubongo unaamini kuna baridi. Kazi ya vipokezi hivi ndiyo iliyompa David Julius Nobel ya tiba mwaka 2021, yeye na Ardem Patapoutian.

#9 Chai_Rangi
Wa Bukoba wamefika. Nobel imeshatajwa, bado shule aliyosoma.

#10 Nshomile Og
Ihungo. Uliza lingine.

#11 Lindanda74
Hahaha. Wakuu, niongeze tahadhari maana naona vijana wanazinunua wanajipulizia wenyewe. Hiyo ya baridi inaunguza. Kuna beki wetu alipuliziwa kwa karibu na mpulizaji hakuachia kidole, ngozi ikawa nyeupe kama chaki, kesho yake lengelenge. Unashika kopo mbali kidogo, unapuliza sekunde chache, ukiona ngozi inaanza kuwa nyeupe unaacha. Kwenye kidonda kilicho wazi usipulize. Halafu inashika moto! Mtu anakuja na sigara kwenye benchi, nilikuwa namfukuza kama mbwa.

#12 Mtoto wa Malimbe
Samahani wakubwa zangu, mimi bado nasoma ila nina wazo tofauti na yote mliyosema. Huyu kaka alipigwa kiatu ugokoni. Maumivu ya kugongwa yanakuwa makali mwanzoni halafu yanashuka yenyewe, hata asingepuliziwa. Pili, kuna nadharia ya Melzack na Wall ya mwaka 1965: hisia za mguso na msuguano zinapofika kwenye uti wa mgongo zinaweza kubana njia ya maumivu kama vile mlango unafungwa. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko unakisugua bila kuwaza. Upepo wa sprei, baridi yake, mkono wa mtoa huduma, vyote vinaingia kwenye mlango huo. Tatu, uwanja unapiga kelele na dada zetu wako jukwaani, nani atalala chini?

Huenda hata sprei ya maji matupu ingemwinua.

#13 Lindanda74
Mdogo wangu, ya maji nimewahi kuitumia kopo lilipoisha, na wameinuka. Sitaji timu. Ila aliyevunjika hainuki hata umpulizie friji zima, na timu ikiwa inaongoza moja bila dakika ya 85 hainuki hata aliye mzima.

#14 KijanaWaIgombe
Nawasoma wote, shukrani. Mtoto wa Malimbe, dada jukwaani alikuwepo, hapo umenipata. Ila gogogo aliponichoma hakuna aliyekuwa ananiangalia, na msuguano wa mkono nilifanya mpaka basi. Haukubana mlango wowote.

#15 Ukerewe Machungwa
Mnazunguka mbuyu. Gogogo ana sumu. Unatia ganzi juu, sumu iko chini, imeshapanda. Hata ungepewa sindano ya ganzi pale ulipochomwa, kwapani utasikia. Huku Nansio hakuna mvuvi anayeuliza swali hili. Ukichomwa unakamua damu ya kwanza, unasogeza mkono kwenye kioo cha karabai mpaka unapata moto wa kweli. Siku hizi taa ni za sola, hazina joto, vijana wanateseka bure.

#16 Pwani Halisi
Habari za bara! Nimepita tu kutoka Kilwa nikaona watu wazima wanalizwa na samaki wa maji baridi. Njooni mchomwe na samaki taa mwenye mkia, au hongwe, ndiyo mtajua dunia.

Kwa uzito sasa. Hapo Ukerewe Machungwa yuko sahihi, moto ndio dawa, lakini moto wa maji. Sumu ya taa ni protini, na protini ikipata joto inaharibika. Hospitali wanakutumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, nusu saa mpaka saa moja na nusu. Nimeona mtu mzima aliyekuwa analia anaanza kupiga soga mguu ukiwa bado ndani ya beseni.

#17 Mzee wa Kamanga
Nilisema nini namba 3? Moto. Nikaambiwa shikamoo halafu nikapingwa.

#18 Mfamasia Mtaani
Mzee nilikupinga kwenye dawa kuharibika, kwenye moto sikugusa. Hiyo ya maji ya moto ni tiba inayokubalika kwa taa na samaki wengine wenye miiba ya sumu. Ila naomba wote mshike jambo moja: maji unayapima kwa mkono MZIMA, sio ule uliochomwa. Mkono wenye maumivu unadanganya, unaweza kuubabua bila kujua. Na ikiwa umeshapuliza ganzi ikashika, ndiyo kabisa, usiingize kwenye maji ya moto, hutasikia unapoungua. Watu wanachanganya hivi vitu viwili wakidhani vikiwa pamoja vinasaidia zaidi.

#19 Nshomile Og
Mimi hapo kwenye sumu natia breki. Taa, sawa. Jamii nyingi za kambare, ukoo wa gogogo, baharini na mitoni zina tezi za sumu kwenye miiba, hiyo inajulikana. Lakini miiba ya gogogo ina meno kama msumeno, inachana nyama ikiingia na ikitoka, na juu yake kuna ute na uchafu wa ziwa. Uvimbe wa siku ya pili unaweza kuwa bakteria tu. Kuna wanaoitwa Aeromonas, wanaishi maji baridi na wanapenda majeraha ya namna hii. Huwezi kusema ni sumu kwa sababu tu panauma.

#20 Ukerewe Machungwa
Bakteria gani anapanda kwapani ndani ya dakika tano? Mkuu umewahi kuchomwa au umewahi kusoma?

#21 Nshomile Og
Mimi nakula sato tu, kuchomwa nawaachia ninyi.

#22 Dada wa Buzuruga
Jamani naomba nipite hapa kama muuguzi. Iwe sumu iwe bakteria, mnachokiongelea sana ni kuua maumivu, na maumivu ndiyo yanayokuleta hospitali. Kipande cha mwiba kinakatikia ndani. Tunapata watu wiki ya pili kidole kimekuwa kama ndizi Bukoba, ukimpiga picha kipande kiko pale kwenye kiungo. Ukiuliza, "nilikuwa napaka dawa inatulia."

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, angalia kama mwiba umetoka mzima, uliza kadi yako ya pepopunda inasemaje. Ukiona wekundu unapanda, usaha, homa au kidole hakikunji, usingoje.

Na wenye sukari msiguse kabisa hizi sprei za baridi wala ganzi miguuni bila kuambiwa na daktari. Mama yangu mdogo alikuwa anajipulizia ya baridi kwenye nyayo zinazowaka moto usiku. Mishipa yake ilishapungua hisia, hakujua imeunguza. Kidonda kile kimetusumbua mwaka mzima, na bado tunashukuru mguu upo.

#23 Chai_Rangi
Pole kwa mama mdogo. Hii imenitoa kwenye utani.

#24 Jino Moja
Nimeitwa na jina la kazi yangu. Mimi ni tabibu wa meno, sio kliniki ya ndugu yake mtoa mada kabla hamjaniuliza.

Kwanza, ndugu yako kakupiga fiksi. Sprei haing'oi jino. Tunapuliza kwenye ufizi ili usisikie sindano ikichoma, ganzi ya kung'olea iko kwenye hiyo sindano. Sprei inafika milimita chache tu juujuu. Wengine wanaipata kooni kabla ya kuingiziwa kamera ya tumbo. Ukiisikia harufu utaikumbuka: inanukia ndizi mbivu za pipi, halafu ikigusa ulimi ni chungu na ulimi unakuwa mnene. Baada ya hapo usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Watoto wanatafuna mdomo wao wenyewe wanadhani ni pipi.

Pili, hapa mmesahau kitu. Sisi tunajua kwamba ganzi haishiki vizuri palipo na jipu. Penye uvimbe nyama inakuwa na asidi, na lidokaini kwenye asidi inabeba chaji, inashindwa kupita ukuta wa mshipa wa fahamu. Inabidi ipite ndipo ifunge kutoka ndani milango ya sodiamu, ile inayopitisha taarifa ya maumivu. Mkono wake ulikuwa tayari umewaka, dawa ikakuta njia zimefungwa. Mimi naona ni asidi kuliko unene wa ngozi.

Tatu, usipulize ovyo. Kila mbonyezo wa hiyo ya asilimia 10 ni miligramu 10. Kwa mtu mzima wa kilo 70 ukomo ni mibonyezo 20, na wengine ni chini ya hapo. Ukisikia masikio yanapiga kengele, ladha ya chuma mdomoni, midomo kuwasha au kizunguzungu, hiyo imeingia kwenye damu, kimbia hospitali. Mbele ya hapo kuna degedege na moyo kuvuruga mapigo.

#25 KijanaWaIgombe
Jino Moja shukrani, huyo ndugu nitamkamata. Ila nilipuliza hapohapo, damu bado mbichi, uvimbe haujaanza. Asidi ingekuwa imeshafika?

#26 Jino Moja
Hapo umenikata mguu kidogo. Asidi inahitaji muda. Lakini kama damu ilikuwa inatoka, ilikuwa inaisukuma dawa nje. Tuseme hivyo.

#27 Mfamasia Mtaani
"Tuseme hivyo." Daktari, rudi kwenye ngozi tu, kuna nafasi.

#28 Mzee wa Kamanga
Hamjauliza la muhimu. Kijana unakunywa? Mimi nilikuwa na rafiki pale Sengerema, mtu wa konyagi, alichomwa sindano ya ganzi akaongezewa na bado alipiga kelele jino likitoka. Mlevi ganzi haimshiki. Hilo kila daktari analijua.

#29 KijanaWaIgombe
Mzee mimi ni soda na Azam Malt. Mjomba ndiye anakunywa kwa niaba ya familia.

#30 Jino Moja
Mzee wangu, hilo la pombe tunalisikia kila wiki. Mtu anayekunywa sana anaweza kuja na hofu kubwa na maumivu anayasikia kwa namna yake, na kwenye usingizi wa theatre ni habari nyingine. Ila kusema pombe inaizuia lidokaini kwenye ufizi, siwezi kukuthibitishia. Mara nyingi ni jipu, au sindano haikuwekwa pale pale.

#31 Mzee wa Kamanga
Haikuwekwa pale pale. Asante kwa kukiri kwa niaba ya wenzako.

#32 Baharia Mstaafu
Wakuu, nje ya mada kidogo. Nimesikia sprei hii kuna wanaume wanaitumia kwa ajili ya… mchezo wa nyumbani. Kwamba inaongeza dakika. Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#33 Chai_Rangi
Rafiki huyu kila uzi yupo. Mpe pole.

#34 Lindanda74
Mwambie rafiki ya mpirani asijaribu. Namwomba kwa jina la Mungu.

#35 Mfamasia Mtaani
Nijibu kwa ufupi maana wanaouliza hili dukani ni wengi kuliko wanaouliza gogogo. Kuna sprei iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ina lidokaini na prilokaini kwa kiwango kilichopimwa, na Ulaya iliidhinishwa mwaka 2013. Inapulizwa kiasi kidogo, unasubiri dakika chache, unafuta kabla ya tendo, la sivyo mwenzako naye anakufa ganzi na hapo hujasaidia mtu. Hii ya asilimia 10 ya kliniki sio yake. Zile za vichupo vyenye picha ya simba au farasi zinazouzwa stendi hakuna anayejua zina nini ndani. Kama tatizo ni la muda mrefu mwone daktari, lina tiba nyingine.

#36 Baharia Mstaafu
Rafiki anashukuru. Wabeja sana.

#37 Bwiru Boy
Hivi mnajua hiyo lidokaini ni kokaini iliyochakachuliwa? Angalieni majina yanavyofanana. Ndiyo maana mdomo unakufa. Kijana wa Igombe uwe makini polisi wa ziwani wasikukute nayo.

#38 Nshomile Og
Bwiru Boy, hapana. Ganzi ya kwanza ya kupaka ilikuwa kokaini kweli: Carl Koller, Vienna, 1884, aliitumia kwenye jicho. Mwisho wa majina umetokea huko. Lakini lidokaini haitokani na mkokaa kabisa. Kisa chake kinaanzia kwenye shayiri. Wasweden walikuwa wanachunguza kemikali moja ya shayiri, wakatengeneza ndugu yake maabara, mmoja akaionja na ulimi ukafa ganzi. Nils Löfgren akaifuata njia hiyo mpaka akaipata lidokaini mwaka 1943, na ikaingia sokoni 1948 kwa jina la Xylocaine. Hailevyi, haina uraibu.

#39 Ukerewe Machungwa
Kumbe mzungu naye alianzia kuonja kama sisi.

#40 Dada wa Buzuruga
Kutokulevya kusiwafanye muone ni maji ya kunywa. Marekani mwaka 2007 mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo baada ya wasichana wawili kufariki. Walijipaka krimu kali ya ganzi miguuni kabla ya kutolewa nywele kwa leza, wakazungushia plastiki eneo kubwa. Dawa ikaingia mwilini kwa wingi. Ngozi ikifunikwa, ikipata joto au ikiwa na michubuko, ule ukuta anaousifia Mfamasia unalegea.

#41 Mama Kayla
Dada wa Buzuruga nimefurahi upo. Mimi natoboa watoto masikio hapa Mabatini, wazazi wananiletea dawa za ganzi za kila aina, wengine wananiambia niwapulizie hii ya meno. Na kuna mmoja kaniuliza kama jeli ya ganzi inafaa kwa mtoto anayeota meno. Nimjibuje?

#42 Dada wa Buzuruga
Shoga yangu, ya masikio usipulize. Ndewe ni nyama ndogo, kitendo cha sekunde, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi kwa muda mfupi na mama ambembeleze inatosha. La kuangalia sana ni sindano safi na mikono safi.

Ya meno mkatalie kabisa. Nyingi ya jeli hizo zina benzokaini, na FDA ilionya mwaka 2018 zisitumike kwa watoto chini ya miaka miwili. Inaweza kuharibu damu isibebe oksijeni, mtoto anakuwa wa bluu mdomoni na damu yake inakuwa na rangi ya kahawia. Na lidokaini ya kupaka mdomoni kwa mtoto nayo hapana, wameshapata degedege. Ampe kitu safi chenye ubaridi atafune.

#43 Mama Kayla
Ubarikiwe dada.

#44 Mtoto wa Malimbe
Narudi kwa mtoa mada, maana amesahaulika. Kuna jaribio rahisi: siku ambayo hujachomwa, puliza kidogo upande wa ndani wa mkono ambako ngozi ni laini, na kidogo kwenye kiganja. Subiri, halafu gusa na ncha ya kalamu. Kama kote hola, ni ngozi. Kama ndani ya mkono imeshika na kiganjani haikushika, ni unene wa kiganja. Kama kote imeshika, basi Ukerewe Machungwa kashinda, ni gogogo.

#45 Jino Moja
Au imeshika kwa sababu alijua unamjaribu. Si ulisema mwenyewe namba 12?

#46 Mtoto wa Malimbe
Dah.

#47 Lindanda74
Hapo mwanafunzi kafungwa goli la kisigino.

#48 KijanaWaIgombe
Nitajaribu nikitoka majini. Ila hili la maji ya moto ndilo nimelichukua. Swali: mimi nachomwa saa nane usiku, nchi kavu siioni. Maji ya nyuzi 45 nayatoa wapi?

#49 Mzee wa Kamanga
Ndiyo maana nikasema moto. Mnamfundisha kijana mambo ya beseni.

#50 Pwani Halisi
Mzee, moto unachoma ngozi kabla joto halijafika chini. Maji yanapenya taratibu.

#51 Ukerewe Machungwa
Kila mtumbwi una chupa ya chai. Wekeni nyingine ya maji ya moto, mnachota ya ziwa mnachanganya kwenye kopo mpaka mkono mzima uvumilie. Kazi imeisha.

#52 Dada wa Buzuruga
Maji ya ziwa kwenye kidonda? Baada ya Aeromonas yote tuliyoongea hapa? Bebeni na dumu la maji ya kunywa mchanganyie hayo.

#53 Mzee wa Kamanga
Binti yangu, mkono wenyewe umetoka humohumo ziwani.